Kabla Hujaingia, Tazama Mlango wa Kutokea: Kuchagua na Kuhama Huduma za Kuhifadhi Mafaili Mtandaoni

Mazungumzo haya yalitolewa jijini Mbeya mbele ya wapiga picha, walimu, wenye steshenari na makatibu wa vikundi. Yanawekwa hapa kamili kwa ajili ya walioshindwa kufika.

Ndugu zangu wa Mbeya, mugonile! Na ninyi mliotoka Iringa, Mafinga na Njombe kwa basi la alfajiri, kamwene! Poleni na safari, poleni na baridi.

Nianze na swali. Nani hapa ana picha au hati ambayo ikipotea leo haipatikani tena popote duniani? Inueni mikono. Naona karibu ukumbi mzima. Haya, nani anaweza kuniambia sasa hivi, bila kufungua simu, kitu hicho kina nakala ngapi na kila nakala iko wapi? Mikono imeshuka. Basi tuna kazi ya kufanya.

La kwanza ninalotaka mlielewe ni hili: wingu, yaani huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ni nyumba ya mtu.

Sisi wa nyanda za juu mawingu tunayajua. Asubuhi unayakuta yamelala juu ya Loleza, saa nne yameshaondoka. Labda ndiyo maana neno hili linatutuliza. Tunadhani mafaili yetu yanaelea mahali fulani ambako hakuna mwizi wala moto. Lakini wingu la mafaili ni jengo. Lina walinzi, lina majenereta, lina mitambo ya kupooza joto, na ndani yake zimepangwa kompyuta za watu wengine. Na jengo huungua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, mjini Strasbourg nchini Ufaransa, jengo la kampuni ya OVHcloud lililoitwa SBG2 lilishika moto likateketea. Watu walisalimika, tumshukuru Mungu. Data za wateja wengi hazikusalimika. Na waliolia zaidi ni wale waliokuwa na nakala rudufu, lakini nakala hiyo ilikuwa imewekwa palepale walipoweka data yenyewe. Moto mmoja ukachukua vyote viwili.

Mkulima wa Mbozi akivuna magunia arobaini ya mahindi, je, anayamwaga yote kwenye kihenge kimoja? Hamwagi. Anamjua dumuzi. Anajua akiingia kihenge kimoja, mwezi mmoja tu unakuta unga na matundu. Basi mbona picha za watoto wetu, vyeti vyetu, mikataba ya viwanja vyetu, tunaviweka kihenge kimoja tukalala?

Mpiga picha wa Kimarekani, Peter Krogh, aliisambaza kanuni moja ambayo wenye kazi hizi tunaishika: 3-2-1. Nakala tatu. Vyombo vya aina mbili. Moja iwe mbali na nyumbani kwako. Wingu linafaa sana kuwa ile moja ya mbali. Lakini ni moja, ndugu zangu. Ni moja kati ya tatu.

Na siku intaneti ikikatika? Mnaikumbuka tarehe 12 Mei 2024. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mafaili ya watu yalikuwa salama kabisa huko yaliko. Ila mwenye faili la zabuni ambalo liko mtandaoni tu, siku ile alikuwa sawa na asiye nalo.

La pili: jua uzito wa mzigo wako kabla hujapanga chumba.

Watu huniuliza, huduma ipi ni nzuri? Namjibu mtu kwa swali: una GB ngapi, na za nini? Google wanatoa GB 15 bure, lakini hizo 15 zinagawanwa na barua za Gmail, mafaili ya Drive na picha za Google Photos, na tangu mwanzoni mwa 2024 nakala ya WhatsApp ya simu za Android nayo imeingizwa humohumo. OneDrive ya Microsoft ni GB 5. iCloud ya Apple ni GB 5. Dropbox ni GB 2, na akaunti ya bure inaunganishwa na vifaa vitatu tu. MEGA ni GB 20. Hizo ndizo za bure.

Sasa tumchukue mpiga picha wa harusi pale Mwanjelwa. Jumamosi moja anarudi na picha 1,200. Anapiga RAW, yaani picha ghafi kama zinavyotoka kwenye kamera, kila picha kama MB 25. Zidisheni: MB 30,000. Hiyo ni GB 30 kwa harusi moja, na bado hatujagusa video. Mtu huyu asihangaike kutafuta huduma ya bure. Anahitaji diski za nje mbili, moja ofisini na nyingine nyumbani, na wingu la kulipia kwa ajili ya picha alizokwisha kuzichagua na kuzihariri. Picha 300 za JPEG zenye MB 8 kila moja ni GB 2.4. Hizo wingu linazibeba, na bando lako linazimudu.

Mwalimu wa sekondari kule Tukuyu mambo yake ni mengine: maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, mitihani, vyeti vilivyoskaniwa. Kazi ya miaka kumi inaweza isifike GB 5. Yeye huduma ya bure inamtosha, mradi asichanganye na video za kwaya.

Kwa akaunti ya Google, ingia one.google.com/storage. Utaona mstari umegawanywa kwa rangi, na utajua ni nini kinachokula nafasi. Msipuuze mstari ule ukijaa. Ukijaa, Gmail inaacha kupokea barua. Mtu amekuandikia kukuita kwenye usaili, barua inamrudia, nawe umekaa unasubiri majibu.

Halafu kuna mtego hapa ambao unawanasa wengi siku ya kuhama. Kabla ya tarehe 1 Juni 2021, picha zilizopandishwa Google Photos kwa ubora wa kubanwa hazikuhesabiwa kabisa. Kwa hiyo mtu aliyeanza zamani anaona kwenye mstari wake GB 12, anakwenda kulipia chumba cha GB 50 kwingine, anaanza kuhamisha, na mzigo unakuja GB 70. Zile GB nyingine zilikuwa zinakaa bure kwa mwenyeji wa kwanza. Kwa mwenyeji mpya kila picha inalipiwa. Kama ulianza kutumia Google Photos kabla ya Juni 2021, usiuamini ule mstari peke yake. Pakua kwanza, pima ulichopakua, ndipo ulipie.

La tatu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini: kusawazisha (sync), yaani kufanya vifaa vyako vyote vifanane na akaunti, si kuweka nakala.

Mfikirieni mwalimu wetu wa Tukuyu. Simu imejaa, haipigi tena picha. Anafungua programu ya huduma yake ndani ya simu, anaona folda ya mitihani ya mwaka juzi, anajiambia, hii ninayo kwenye laptopu. Anaifuta. Jioni anafungua laptopu. Folda inaonekana sekunde chache, halafu mbele ya macho yake inatoweka. Laptopu imetii. Imepokea habari kwamba mwenyewe kafuta, nayo ikafuta.

Kusawazisha ni kioo. Ukijipangusa tope usoni, na kwenye kioo tope linatoka. Ukipaka masizi, na kioo kinapaka. Faili likiharibiwa na kirusi kwenye kompyuta ya steshenari, nakala iliyoharibika ndiyo itakayopanda juu kwenye wingu na kushuka kwenye vifaa vyako vyote. Je, kioo kinaweza kukutunzia sura uliyokuwa nayo jana?

Afueni ipo, ila ina tarehe. Google Drive inashika vilivyofutwa siku 30. OneDrive ya mtu binafsi siku 30. Dropbox ya bure siku 30. Google Photos inashika siku 60 picha zilizokuwa zimehifadhiwa juu. Mwalimu akigundua siku ya ishirini, anaingia kwenye pipa la taka, anarudisha, maisha yanaendelea. Akigundua baada ya likizo ya Desemba, muda unaweza kuwa umepita. Kwa hiyo mkitaka kupunguza mzigo kwenye simu, tumieni ile amri ya kufungua nafasi kwenye kifaa, ambayo inaondoa picha kwenye simu na kuiacha juu. Amri ya kufuta inafuta kote. Vitufe viwili, jirani kabisa, na matokeo tofauti kama usiku na mchana.

Na wenye OneDrive kwenye Windows, angalieni alama iliyo kando ya jina la faili. Kiwingu cha buluu maana yake faili haliko kwenye kompyuta yako; unaloliona ni jina tu, mwili uko juu. Alama ya vema ya kijani maana yake liko. Wangapi wameuza laptopu au wamefunga akaunti wakiamini kila kitu kiko kwenye mashine, kumbe walikuwa wanatazama majina? Kabla ya kwenda mahali pasipo na mtandao, kabla ya kuhama, bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua ibaki daima kwenye kifaa hiki, subiri viwingu vyote vigeuke kijani. Kwanza hakikisha diski ya laptopu ina nafasi ya kutosha, la sivyo itakwama katikati.

La nne: kabla hujaingia, tazama mlango wa kutokea.

Huduma hizi hufungwa, na si zile ndogo tu. Tarehe 2 Aprili 2014 watumiaji wa Ubuntu One walitangaziwa kwamba huduma inazimwa tarehe 1 Juni, na mwisho wa kuchukua mafaili ni 31 Julai. Miezi minne, basi. Amazon, kampuni kubwa vile, ilitangaza Julai 2022 kwamba Amazon Drive inafungwa, na ikaifunga 31 Desemba 2023. Hao angalau walitoa muda mrefu. Lakini tangazo linakuja kwa barua pepe. Ni nani kati yetu anasoma barua pepe za kampuni? Kama akaunti uliifungulia kwa anwani uliyoiacha zamani, tangazo litakwenda kwenye sanduku lisilofunguliwa.

Hata huduma isipofungwa, wewe unaweza kufungiwa. Google wana utaratibu wa kufuta akaunti binafsi ambayo haijatumika kwa miaka miwili. Kazi hiyo walianza Desemba 2023. Ile akaunti ya zamani yenye picha za marehemu mzee, ambayo huigusi kwa sababu inauma, iguse. Ingia, fungua picha moja, toka. Weka alama kwenye kalenda ufanye hivyo kila mwaka.

Sasa mlango wa kutokea unautazamaje? Uliza: naweza kutoka na vyote kwa mara moja? Vinatoka katika umbo gani? Na nini kinabaki nyuma?

Hilo la umbo linawaumiza makatibu. Sikilizeni. Katibu wa kikundi anaandika kumbukumbu za vikao kwenye Google Docs miaka mitatu. Siku ya kikao cha wanachama kijijini, anafungua folda ya Drive kwenye laptopu, ananakili mafaili yote kwenye flashi, anapanda gari. Kufika, anachomeka flashi, majina yote yapo, tarehe zipo. Anabofya, halifunguki. Anatazama ukubwa: KB 1. La pili, KB 1. Yote, KB 1. Faili lenye mwisho wa .gdoc halina maandishi ndani yake hata mstari mmoja. Ni kiungo tu cha kukupeleka Google. Hati yenyewe haijawahi kukaa kwenye laptopu. Dawa yake ni kuingia Drive kwa kivinjari, kuchagua folda, kupakua. Hapo Google inazigeuza kuwa docx na xlsx, yaani mafaili ya Word na Excel, kabla ya kukupa. Ukipakua hivyo, fungua tatu nne uone majedwali hayakuvurugika, kwa sababu fomula nyingine hazivuki salama.

Na huduma kama MEGA, ambazo mafaili yanafungwa kwa ufunguo wako mwenyewe hata kampuni isiweze kusoma? Ni nzuri kwa siri zako. Lakini kwa sababu hawana ufunguo, ukisahau nywila na ukapoteza ufunguo wa uokoaji waliokupa siku ya kwanza, hakuna wa kumpigia magoti. Uchapishe, uweke palipo na hati ya kiwanja.

La tano ndilo refu, kwa sababu ndilo wengi mlilolijia: kuhama kwenyewe. Nitasema maneno manne, na nitayarudia mpaka myachoke. Nakili. Hakiki. Subiri. Ndipo ufute.

Kwanza hesabu. Kasi ya mtandao inatajwa kwa biti, mafaili yanapimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Mtandao ukipandisha kwa Mbps 4, yaani biti milioni nne kwa sekunde, unapandisha nusu MB kwa sekunde, GB 1.8 kwa saa. Mzigo wa GB 60 ni saa 33 na ushee, mfululizo, bila umeme kukatika. Na ni kasi ya kupandisha ninayoisema, siyo ya kupakua. Kwenye mitandao mingi ya simu kupandisha ni polepole kuliko kupakua. Pima zote mbili, na upime saa ile utakayofanyia kazi. Tena, ukihamisha kutoka huduma moja kwenda nyingine kupitia kompyuta yako, mzigo unashuka kwanza, halafu unapanda. GB 60 zinakula bando la GB 120. Wangapi mmelia katikati ya safari kwa kutolijua hili? Kama una rafiki au ofisi yenye intaneti ya faiba isiyo na kikomo, nenda na diski yako, omba usiku mmoja.

Kwa mafaili ya Drive na picha za Google, mlango wao wa kutokea unaitwa Takeout, takeout.google.com. Bonyeza kwanza kuondoa alama zote, halafu weka alama kwa kile unachotaka tu; usipofanya hivyo utaletewa na historia ya YouTube. Wanakuuliza ukubwa wa kila kifurushi, mpaka GB 50. Kwa huku kwetu, chagua GB 2. Bando likiisha katikati ya kifurushi cha GB 50 unaweza kujikuta unaanza upya; katikati ya GB 2 maumivu ni madogo. Tena flashi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalofika GB 4. Ukishaomba, subiri barua pepe, inaweza kuchukua saa au siku. Kiungo wanachotuma kinadumu kama wiki moja tu, kwa hiyo usiombe leo kama bando ni la mwisho wa mwezi. Takeout inaweza pia kupeleka vifurushi moja kwa moja Dropbox, OneDrive au Box, bila kupitia kompyuta yako. Hilo linaokoa bando, ila vitafika vikiwa zipu, yaani mafaili mengi yaliyofungwa pamoja kuwa moja, na zipu si albamu.

Wenye iPhone wanaotaka kuhamia Google Photos, ingieni privacy.apple.com na muombe picha zihamishwe. Apple wanazipeleka wenyewe, kwa siku kati ya tatu na saba, na za iCloud zinabaki palepale. Hakikisheni tu chumba cha Google kina nafasi.

Vifurushi vya picha za Takeout vina jambo la kushangaza watu. Ukifungua unakuta kila picha ina mwenzake mwenye mwisho wa .json. Msizifute zile! Humo ndimo kuna tarehe, mahali na maelezo uliyoandika. Na picha inaweza kuwa kifurushi cha tatu, json yake iko cha saba. Kwa hiyo fungueni vifurushi vyote ndani ya folda moja, ndipo muanze kazi.

Kwa nini tarehe ni muhimu? Picha iliyopigwa kwa kamera inabeba tarehe yake ndani. Picha iliyopita WhatsApp imevuliwa tarehe hiyo. Ukiipandisha kwenye huduma mpya bila uangalifu, inapewa tarehe ya leo. Unafungua albamu yako mpya, picha za mazishi ya bibi, mahafali ya mtoto na ubarikio wa kanisa, zote zimekaa Alhamisi moja. Bahati nzuri WhatsApp ya Android inaandika tarehe kwenye jina: IMG-20190714-WA0003 ni ya tarehe 14 Julai 2019. Ipo programu ya bure, ExifTool, inayoweza kusoma majina hayo au zile json na kuirudisha tarehe ndani ya picha, maelfu kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo msibadilishe majina ya picha za WhatsApp. Yaacheni yalivyo.

Kwa mafaili ya kawaida, chombo ninachokiamini ni rclone. Ni cha bure, kinazijua huduma nyingi, kinaendeshwa kwa kuandika amri. Wenye steshenari, jifunzeni hiki, mtawasaidia wateja na mtapata riziki. Amri ni tatu. rclone config inaunganisha akaunti zako mbili. rclone copy inanakili, na umeme ukikatika ukairudia inaruka yaliyokwisha kufika. rclone check inalinganisha pande mbili na kukutajia lililokosekana. Kuna amri nyingine, rclone sync. Msiiguse siku ya kuhama! Inafanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, maana yake inafuta kule kila kisichokuwepo huku. Ukikosea ukageuza pande, unafuta mzigo wako wenyewe kwa amri ya mstari mmoja.

Mjue pia kwamba Google Drive na OneDrive zinatumia alama tofauti za kuhakiki, hivyo rclone check kati yao inalinganisha ukubwa tu. Ukitaka uhakika wa ndani, ongeza --download, nayo itasoma kila faili pande zote. Inakula bando, ifanyie mafaili yasiyo na mbadala. Na rclone haitakutolea picha zako za zamani za Google Photos. Tangu 2025 Google imefunga njia hiyo kwa programu za nje. Kwa picha, ni Takeout.

Baadhi ya mafaili yatagoma. Angalieni majina. Mtu kaandika kwenye simu "Mkutano 12:30?" na Windows haikubali nukta mbili wala alama ya kuuliza kwenye jina. Mafaili uliyoshirikishwa na wengine hayatakuja, kwa sababu si yako. Muombe mwenyewe au utengeneze nakala yako kabla hujatoka. Na viungo ulivyowagawia wateja vitakufa siku ukifuta, hata kama mafaili yamefika salama upande wa pili.

Nakili. Hakiki. Sasa, subiri. Subiri muda gani? Mimi nasema miezi mitatu. Lipia vyumba vyote viwili kama inabidi. Katika miezi hiyo utatafuta cheti, utatafuta mkataba, utagundua folda uliyoisahau. Ukiwa umefuta mapema, utagundua hasara. Ukiwa umesubiri, utagundua kazi ya dakika mbili. Ndipo ufute. Na siku ya kufuta, zima kwanza usawazishaji kwenye laptopu na simu, usije ukasahau habari ya kile kioo.

La mwisho, funguo.

Akaunti nyingi zetu zinalindwa kwa msimbo unaokuja kwa SMS. Vizuri. Sasa simu inaporwa stendi ya Nanenane, laini imekwenda nayo. Unaazima simu ya kaka yako uingie kwenye akaunti, inakuambia, tumetuma msimbo kwenye namba yako. Namba ipi? Ile iliyoporwa. Au laini uliyofungulia akaunti hujaiweka vocha siku nyingi, imefungwa, namba imeuzwa kwa mtu mwingine.

Ingia kwenye usalama wa akaunti yako ya Google, washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha omba misimbo mbadala. Wanakupa kumi, kila mmoja unatumika mara moja. Ichapishe. Karatasi moja nyumbani, nyingine kwa mtu unayemwamini kama mama yako. Usiipige picha ukaiacha ndani ya simu ileile.

Na kwa sababu sote tutaondoka: Google wana sehemu ya kupanga akaunti ikikaa kimya kwa miezi 3, 6, 12 au 18, nani apewe nini. Unaweza kutaja hadi watu kumi. Apple wana mtu wa urithi, tangu toleo la 15.2 la iOS, mfumo wa iPhone. Ni dakika kumi za kazi. Wajane wengi wanabaki na simu ya marehemu iliyofungwa, picha zote za familia zimo ndani, na hakuna fundi wa Kabwe wala wa Kariakoo anayeweza kuzifikia zile zilizoko juu bila nywila.

Nimemaliza. Mezani pale mbele kuna laptopu mbili zenye rclone. Waliokuja na diski zao wapange foleni upande wa dirishani, tutaanza na wenye mzigo mdogo. Wengine, maswali. Mama pale nyuma mwenye kitenge cha kijani, umeinua mkono tangu habari ya WhatsApp. Mpeni kipaza sauti.